Kisukari cha Mama, Ubongo wa Mtoto: Kweli au Uongo?

Ndanda imekaa chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, kando ya barabara kuu iendayo Masasi, na hospitali yake ya Mtakatifu Benedikto hupokea wajawazito wanaoshuka kutoka Newala na wanaopanda kutoka upande wa Lindi. Palipo na benchi la kliniki pana maneno. Huyu kaambiwa na mama mkwe kuwa muhogo ndio unaoleta sukari. Yule kasikia kwa jirani kwamba mama mwenye kisukari huzaa mtoto mzito wa akili. Wa tatu haamini kabisa kama kisukari kinafika Masasi. Wewe msomaji nawe unayo yako, usikatae.

Tuyachukue moja moja tuyapime. Ila shika kwanza jambo moja, maana ndilo litakaloamua kesi nyingi zilizo mbele yetu: ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu ya mtoto havijengwi siku moja. Sukari iliyozidi katika mwezi wa kwanza wa mimba ina madhara tofauti na sukari iliyozidi mwezi wa saba, na saa chache baada ya kuzaliwa zina hatari zake zenyewe. Uvumi mwingi una chembe ya ukweli iliyowekwa katika mwezi usio wake.

"Kisukari ni cha matajiri wa mjini, huku kwetu hakipo"

Zamani ilikaribia kuwa kweli. Sasa SI KWELI.

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 6,000 wa vijijini Tanzania. Wenye kisukari walikuwa takriban mtu 1 katika kila 100. Miaka 2 baadaye kundi hilohilo likatoa ripoti nyingine ya kushangaza: wajawazito wa vijijini waliopimwa hawakuonyesha hata ule mvurugiko mdogo wa sukari ambao vitabu vya Ulaya vilisema mimba huuleta. Kwa hiyo bibi yako anayesema hakuwahi kuona mjamzito mwenye kisukari hasemi uongo; anasimulia alichokiona.

Lakini mambo yamegeuka. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Utafiti wa Akwilina Mwanri na wenzake, uliotoka 2014, uliwapima wajawazito 910 wa Tanzania: mjini asilimia 8.4 walikuwa na kisukari cha mimba, vijijini asilimia 1.0. Asilimia 1 ni ndogo, sawa. Ila Masasi ya leo si kijiji cha 1989. Bodaboda imepokea kazi ya miguu, soda iko katika kila kibanda, na fedha za korosho zikianza kuingia mwishoni mwa mwaka mara nyingi hazinunui mbaazi.

"Muhogo ndio unaoleta kisukari"

SI KWELI. Lakini wanaouogopa muhogo wana sababu nyingine, tena nzito.

Usiwacheke wanaoyasema haya, kwa sababu wanasayansi wenyewe waliwahi kuyaamini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilitolewa wazo kwamba sumu ya sayanaidi iliyomo katika muhogo mchungu huharibu kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, na kwamba ndiyo chanzo cha aina fulani ya kisukari katika nchi za joto. Wazo hilo lilipimwa hapahapa Tanzania. Swai na McLarty, pamoja na Nicholas Mlingi na Msweden Hans Rosling, walikwenda Nyambori mkoani Mara, ambako watu walikuwa wamekula sayanaidi nyingi kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa 1992 yalikuwa wazi: kisukari hakikuwa kingi huko kuliko kwingine. Muhogo ni wanga, na wanga wowote hupandisha sukari ya mtu ambaye tayari ana kisukari, uwe wa muhogo, wa mahindi au wa mchele. Hilo ni suala la kiasi anachopakua. Muhogo haukumpa ugonjwa.

Sasa hiyo sababu nzito. Sayanaidi ya muhogo huumiza mishipa ya fahamu, na wilaya ya Masasi ina historia nayo. Mwaka 1988 watu walilewa sumu baada ya kula ugali wa chinyanya, unga wa haraka unaopatikana kwa kutwanga muhogo mbichi na kuuanika kwa kurudiarudia bila kusubiri siku zinazotakiwa. Wakatapika, wakapata kizunguzungu. Ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Wamakua wa Msumbiji, ukame wa 1981 ulileta lililo baya zaidi: watu zaidi ya 1,000 walikakamaa miguu ghafla. Rosling alikuwa daktari wa wilaya huko Nacala, na ndiko alikoanza kuufuatilia ugonjwa huo ambao leo tunauita konzo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilionekana pia mkoani Mtwara. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na miguu iliyokwisha kukakamaa haipati kupona kabisa.

Kwa hiyo wazee walioshikilia makopa yakae juani siku nyingi kabla ya kutwangwa walikuwa wanalinda uti wa mgongo wa familia bila kuwa na maabara. Na ukiwa na haraka, iko njia iliyopimwa: unga wa muhogo ulowanishwe kwa maji, utandazwe mwembamba juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, ndipo usongwe ugali. Sumu huondoka na hewa.

"Sisimizi wakijaa kwenye mkojo, una kisukari"

NUSU KWELI. Kwa mjamzito, usitegemee.

Hii ni elimu ya kale inayostahili heshima. Waganga wa India waliandika habari za sisimizi na mkojo mtamu karne nyingi kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa Masasi. Mtu ambaye sukari yake imepanda sana kwa kweli huimwaga kwenye mkojo, na sisimizi hawahitaji cheti kuitambua.

Shida ni mimba. Figo za mjamzito huachia sukari kirahisi hata akiwa mzima, kwa hiyo sisimizi wanaweza kumsingizia. Na mwenye kisukari cha mimba anaweza kuwa na mkojo safi wakati sukari ya damu imeshapita kiasi. Kipimo ni cha damu. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka yake mwaka 2013: kabla ya kula chochote asubuhi, sukari ikifika milimoli 5.1 kwa lita ni kisukari cha mimba, au ikifika 8.5 saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Kwa wengi kipimo hicho hufanyika kati ya wiki ya 24 na ya 28.

"Mtoto wa mgongo wazi ni laana"

SI KWELI. Na hapa naomba tukae kidogo.

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, au kichwa kikaanza kukua kupita kiasi, minong'ono huanza siku hiyohiyo. Mama alimcheka mlemavu. Baba alikiuka mwiko. Ukoo una deni. Wakati huo mama anatafuta nauli ya safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda kwa madaktari bingwa wa taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, na minong'ono haimchangii hata shilingi.

Kinachotokea ni hiki. Katika wiki ya tatu na ya nne tangu mimba kutungwa, mgongoni mwa kiinitete kuna utando unaojikunja na kufunga kama mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kufikia siku ya 28 unatakiwa uwe umefunga. Usipofunga chini, mtoto ana mgongo wazi. Usipofunga juu, ubongo haujengeki. Hesabu mwenyewe: siku ya 28 mama amechelewa siku zake kwa wiki 2 tu. Wengi hawajajijua.

Mrija huo unaweza kushindwa kufunga kwa sababu kadhaa: upungufu wa foleti mwilini, baadhi ya dawa za kifafa, urithi, na sukari ya mama iliyokuwa juu tangu kabla ya mimba. Katika maabara ya Mary Loeken huko Boston, majaribio ya panya yalionyesha kwamba sukari nyingi hupunguza kazi ya jeni iitwayo Pax3, ambayo bila yake chembe zinazopaswa kufunga mrija hufa kabla ya kazi kuisha. Kwa binadamu, mama aliyeingia kwenye mimba akiwa na kisukari kisichodhibitiwa ana hatari ya kuzaa mtoto mwenye kasoro kubwa mara 2 hadi 4 ya mama mwingine. Iko pia kasoro ambayo sehemu ya chini ya uti wa mgongo na nyonga hazikui. Ni nadra sana, ila kwa watoto wa mama wenye kisukari huonekana mara nyingi kuliko kwa wengine. Pamoja na hayo, wengi wa watoto wa mama hao huzaliwa bila kasoro yoyote kubwa.

Angalia sasa kalenda inavyoamua. Kisukari cha mimba kinachoibuka mwezi wa sita hakiwezi kufungua mgongo uliokwisha kufungwa mwezi wa kwanza. Mama aliyegunduliwa wiki ya 26 na kuambiwa kwamba ameharibu mgongo wa mtoto ameonewa. Mwenye kazi ya kufanya ni yule anayejua ana kisukari na bado hajapata mimba: kuishusha sukari kwanza na kuanza mapema vidonge vya asidi ya foliki, yaani foleti ya kutengenezwa. Utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, vidonge hivyo vilizuia kasoro kurudi kwa asilimia 72.

Serikali iliweka kanuni mwaka 2011 ili unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe virutubisho, asidi ya foliki ikiwemo. Jambo jema. Lakini familia ya Newala inayotwanga muhogo wake yenyewe haipitii kiwandani, na kanuni hiyo haiifikii sahanini. Kwao vidonge vya kliniki vina uzito zaidi kuliko kwa mama wa mjini anayekula chapati kila asubuhi, na vinakuja vikiwa vimechelewa kwa ajili ya mrija ule ikiwa hudhurio la kwanza ni mwezi wa tano.

"Mjamzito ale kunde, mbaazi na majani," wasemavyo nyakanga

KWELI. Kunde, mbaazi, choroko na mboga za majani ndizo chakula chenye foleti kilicho karibu zaidi na mwanamke wa uwandani, na mbaazi za Masasi hazihitaji kusafirishwa kutoka popote. Zaidi ya hayo, kunde hazipandishi sukari kwa kasi kama ugali mtupu. Kisamvu nacho kitwangwe na kichemke barabara, kwa ajili ya sayanaidi ileile.

"Uraka ni juisi ya mabibo tu"

SI KWELI. Mabibo yaliyokamuliwa leo asubuhi ni juisi. Yakichacha ni pombe, na pombe huvuka kondo la nyuma hadi kwenye ubongo wa mtoto miezi yote tisa. Msimu wa mabibo utarudi mwakani, mimba haingoji.

"Sindano ya insulini inamdhuru mtoto tumboni"

SI KWELI, na uvumi huu ni wa hatari kuliko unavyoonekana.

Tangu miaka ya 1950, daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen alieleza mpango ulivyo: sukari ya mama huvuka kondo la nyuma kwa urahisi, insulini yake haivuki. Mtoto anapokea sukari yote iliyozidi bila ya kitu cha kuituliza, kwa hiyo kongosho lake dogo linalazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi. Sindano anayochomwa mama inabaki kwa mama. Anayeiacha kwa kumhurumia mtoto anamwongezea mtoto mzigo. Vidonge vya metformini ni habari nyingine kidogo, maana hivyo huvuka. Hutumika kwa uangalizi wa daktari. Mwarobaini nao usiguswe wakati wa mimba, hata aliyekupa akiwa shangazi yako.

"Mtoto mkubwa ni mtoto mwenye afya"

SI KWELI kila mara. Kilo 4 na zaidi ni za kushangilia sokoni. Katika chumba cha kujifungulia zinatia wasiwasi.

Ile insulini nyingi ya mtoto hujenga mafuta, hasa mabegani na kifuani. Kichwa kinatoka, mabega yanakwama. Mkunga akivuta, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi inaweza kutanuka au kukatika, na mtoto akazaliwa na mkono uliolegea, kiganja kimegeukia nyuma. Ndipo utasikia kwamba karogwa. Mkono uliolegea hivyo una jina katika vitabu vya madaktari tangu karne ya 19, na una mgonjwa wake maarufu: Kaiser Wilhelm II, aliyeitawala Ujerumani kuanzia 1888 hadi 1918, miaka ambayo kwa sehemu kubwa Masasi na Newala zilikuwa ndani ya koloni lake. Alizaliwa 1859 ametanguliza makalio, akavutwa, na mkono wake wa kushoto ukabaki mfupi na dhaifu maisha yake yote. Katika picha utaona anauficha. Yake haikuwa kesi ya kisukari. Ila kama ni uchawi, basi mchawi huyo alifika mpaka Berlin.

Habari njema ni kwamba watoto wengi wa namna hii hupona ndani ya miezi michache kwa mazoezi ya viungo, mradi wapelekwe mapema. Anayemaliza miezi hiyo kwa mganga hupoteza wakati ambao mshipa ulikuwa tayari kuota upya.

"Maziwa ya kwanza ni machafu, yakamuliwe yamwagwe"

SI KWELI, na kwa mtoto wa mama mwenye kisukari ndipo uongo huu unapouma zaidi.

Fikiria ghala la chama cha msingi lililoajiri vibarua wa msimu mzima, kisha magari ya korosho yakakoma kuja ghafla: vibarua wanaendelea kubeba mpaka sakafu inabaki tupu. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma dakika hiyohiyo, lakini insulini ya mtoto ingali kazini. Ndani ya saa 1 au 2 sukari yake inaweza kushuka chini ya 2.5, na ubongo wa mtoto mchanga unaishi kwa sukari. Ikikaa chini sana kwa muda mrefu, chembe za ubongo huanza kufa, hasa upande wa nyuma unaoshughulika na kuona.

Dalili ni kutetemeka, kulegea, kukataa kunyonya, kilio chembamba, au degedege. Wengine hawaonyeshi kitu. Ndiyo maana mtoto huyu huchomwa kisiginoni kupimwa hata akiwa amelala vizuri, na ndugu wasiliona jambo hilo kuwa ni ukatili. Dawa ya kwanza ni ileile inayomwagwa: dang'a, maziwa mazito ya njano ya siku ya kwanza, anyonye ndani ya saa 1 na arudie mara kwa mara. Yasipotosha, hospitali ina glukosi ya kuweka kwenye mshipa. Huko New Zealand utafiti wa 2013 ulionyesha kuwa hata jeli ya sukari inayopakwa ndani ya shavu husaidia.

Kuhusu degedege: wako wanaoamini bado kwamba ni ndege mkubwa wa kishetani anayempitia mtoto, na kwamba mtoto huyo akichomwa sindano atakufa. Mtoto wa siku 1 anayepata degedege anaweza kuwa amepungukiwa sukari tu, na kila robo saa ya kubishana mlangoni inakula ubongo wake.

"Mwenye sukari ajinyime chakula kabisa"

SI KWELI. Mwili wenye njaa huyeyusha mafuta na kutoa tindikali ziitwazo ketoni, ambazo huvuka hadi kwa mtoto. Huko Chicago, Thomas Rizzo na Boyd Metzger waliwafuatilia akina mama 223 na watoto wao; ripoti yao ya 1991 ilikuta kwamba kadiri ketoni za mama zilivyokuwa juu katika miezi ya mwisho ya mimba, ndivyo alama za mtoto za akili zilivyokuwa chini utotoni. Kula kidogo kidogo, mara nyingi, wanga uliopimwa. Na Mwislamu mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto anajua kwamba dini imempa ruhusa ya kutofunga.

"Kula udongo huongeza damu"

SI KWELI. Udongo unaouzwa sokoni unaweza kuzuia chuma kilichomo katika chakula kisinyonywe, na wajawazito wanaoula huonekana na upungufu wa damu mara nyingi zaidi.

Chuma kinahusiana vipi na kisukari? Mtoto mwenye insulini nyingi hutumia oksijeni nyingi, kwa hiyo hutengeneza chembe nyekundu za damu kupita kawaida, na chembe hizo huchukua chuma kabla ya viungo vingine kupata. Ubongo unabaki nyuma kwenye foleni. Watafiti wa Minnesota, Raye-Ann deRegnier na Charles Nelson, walirekodi mawimbi ya ubongo wa watoto wachanga wakisikilizishwa sauti ya mama na ya mwanamke mgeni. Kwa mtoto wa kawaida ubongo hutofautisha. Mama amemsemesha kupitia tumboni kwa miezi. Kwa watoto wa mama wenye kisukari tofauti hiyo ilikuwa hafifu. Uwanda wenye malaria na minyoo hauna chuma cha kupoteza. Meza vile vidonge vyekundu vya kliniki, hata vikikufunga choo.

"Mtoto wa mama mwenye kisukari atakuwa mzito wa akili"

SI KWELI ikisemwa hivyo, kama hukumu. Hatari ipo, ni ndogo, na sehemu yake haitokani na sukari.

Mwaka 2025 watafiti kutoka China walikusanya tafiti 202 zenye jozi za mama na mtoto zaidi ya milioni 56. Watoto wa mama waliokuwa na kisukari wakati wa mimba walikuwa na uwezekano wa asilimia 28 zaidi wa kugunduliwa na tatizo la ukuaji wa ubongo, kama usonji au kushindwa kutulia na kumakinika. Sikia vizuri hiyo 28. Haimaanishi watoto 28 kati ya 100. Kama katika jamii fulani watoto 10 kati ya 100 wana matatizo hayo, kwa mama hawa wangekuwa kama 13. Wale 87 wanaobaki hawazungumzwi kwenye benchi.

Kisha likaja jambo ninaloliona kuwa kiini cha kesi yote. Watafiti walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja akiwa amebebwa mama ana kisukari na mwingine akiwa hana, tofauti ilitoweka. Sweden ilikuwa imeona hivyohivyo 2014, kwa kutumia alama za wanaume 723,775 waliopimwa akili walipoitwa jeshini: kati ya familia na familia pengo lilikuwepo, ndani ya familia moja halikuonekana. Maana yake ni kwamba kipato, elimu ya wazazi, urithi na chakula cha nyumbani vinabeba sehemu kubwa ya lawama iliyotwishwa sukari ya mama. Na huko Mysore, India, watoto wa karibu miaka 10 ambao mama zao walipata kisukari cha mimba walifanya vizuri kuliko wenzao katika baadhi ya majaribio ya akili. Walikuwa wachache, 32 tu, kwa hiyo nisitangaze kwamba kisukari huleta akili. Ila mwenye kumhukumu mtoto kabla hajaanza kutambaa na ajibu hilo kwanza.

Wenye haki ya kufuatiliwa kwa karibu ni watoto waliopata sukari ya chini sana na degedege siku za mwanzo, waliochelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, na ambao mama aliingia kwenye mimba akiwa na kisukari cha muda mrefu kisichodhibitiwa. Mtoto akichelewa kukaa, kutembea au kusema, apelekwe.

"Ukishajifungua, kisukari cha mimba kimekwisha"

NUSU KWELI. Kwa wengi sukari hurudi kawaida siku chache baada ya kondo la nyuma kutoka. Lakini tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba mama huyo ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 hadi 10 ya mwenzake asiyewahi kukipata akiwa mjamzito. Kikija kimyakimya kati ya mimba hii na ijayo, ile mimba ijayo itaanza sukari ikiwa juu tangu siku ya kwanza, na mrija wa ubongo una siku 28 tu.

Mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo ya wiki ya 6. Kama uliwahi kuambiwa una sukari ukiwa mjamzito, siku hiyo ondoka nyumbani bila kunywa chai, na mkiwa foleni, iwe Ndanda, Masasi au Newala, mwombe nesi akupime na wewe.